Babu yangu hakuwa Mganda, ni dayosisi ndio ilikuwa ya Uganda

Mhariri,

Naomba nafasi kwa ukurasa wako wa barua na naomba usinikatie katikati, kwa sababu haya mambo nimekaa nayo karibu mwaka mzima na nikiyaeleza nusu hayataeleweka.

Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Kisumu lakini nyumbani ni upande wa Butere. Mwaka jana tulianza mambo ya urithi wa shamba la babu, kwetu tunasema kuka, shamba ambalo mpaka wa leo liko kwa jina lake na sisi wajukuu tumejaa hapo kila mtu na mistari yake ya mahindi. Ofisi moja ikataka karatasi za kuonyesha huyu mzee alikuwa nani, mtu wa wapi, watoto wake ni kina nani. Kipande chake kile cha wakati wa mkoloni kilishapotea. Cheti cha kuzaliwa hakuna, nani alikuwa anaandikisha watoto Butere miaka hiyo. Tulichokuwa nacho ni kadi moja ya ubatizo ambayo kukhu, yaani bibi, aliiweka ndani ya Biblia mpaka akafa, iko kwa karatasi ya nailoni, imekunjwa mara nne na pale kwa mikunjo imeshakatika mpaka unaona mwanga. Nikaibeba na furaha yangu yote nikaipeleka.

Kijana wa pale mezani akaisoma, akaigeuza nyuma, akaisoma tena. Akaniambia kwa upole tu, "Lakini mama, huyu mzee alikuwa Mganda."

Nikamuuliza Mganda namna gani. Akanionyesha kwa kidole pale juu, imeandikwa kwa Kizungu Dayosisi ya Uganda, na chini yake mwaka, 1919. Akasema kama alibatizwa Uganda basi tuanze kwanza kuthibitisha alikuja Kenya lini na hilo shamba aliliingia kivipi. Faili ikafungwa hapo hapo.

Watu wa huku magharibi wanajua uzito wa hilo neno. Sisi ni watu wa karibu na mpaka, kuna Wasamia na Wateso wako na ndugu upande huu na upande ule, na mtu akitaka kukutoa mahali maneno ya kwanza anayotafuta ni kwamba nyinyi mlitoka Uganda. Nilirudi nyumbani chakula hakipiti. Nilifundisha watoto miaka mingi, historia ikiwemo, na hapo mbele ya yule kijana sikuwa na jibu, hiyo iliniuma kuliko kufungwa kwa faili.

Jibu nilipewa na padri mmoja mzee aliyestaafu, tulikutana kwa matanga. Nikamwonyesha picha ya kadi kwa simu. Akaniambia, "Mwalimu, si huyo kuka wako peke yake. Watu wote wa huku waliobatizwa miaka hiyo kadi zao zinasema Uganda, na wengine hawakuwahi kuvuka hata mto Malaba. Enda utafute rejista. Kadi ni ya mtu, rejista ni ya mahali."

Wacha nieleze vile ilikuwa, maana najua kuna familia zingine zimekwama kama sisi na hazijui ni kwa nini. Waingereza walipochora Uganda miaka ya 1890, mpaka wake wa mashariki haukuwa Busia wala Malaba. Ulikuja mpaka huku ndani kabisa, Mumias, Kisumu, Nandi, Nakuru, mpaka kukaribia Naivasha, yote hiyo ilikuwa ni Uganda. Reli ikafika ziwani Desemba 1901 na miezi michache baadaye, tarehe 1 Aprili 1902, hiyo sehemu yote ya mashariki ikatolewa Uganda ikawekwa upande wa hii tunaita Kenya leo, sababu kubwa walitaka reli yote iwe chini ya serikali moja. Watu walilala Uganda wakaamka Kenya na hakuna aliyehamisha hata kuku.

Lakini kanisa halikuhama siku hiyo. Wamisionari wa CMS, kile chama cha Waanglikana wa Uingereza, walikuwa Buganda tangu 1877, na huku kwetu waliingia kutokea huko. Askofu Hannington ambaye aliuawa Busoga 1885 alipita hapa kwa Wawanga akielekea huko, na mifupa yake ililetwa kwa Mumia, mfalme wa Wawanga, kabla ya kwenda kuzikwa Namirembe 1892. J. J. Willis, yule alianzisha misheni ya Maseno 1906, alikuwa mmisionari wa upande wa Uganda, na 1912 ndio akafanywa askofu wa Uganda, anakaa Kampala lakini watu wa Maseno na Butere ni kondoo wake vilevile. Butere yenyewe ilifunguliwa huo mwaka wa 1912 na Walter Chadwick. Ni mpaka 1921 ndio huku Kavirondo, kama walivyotuita, tukatolewa Dayosisi ya Uganda tukapewa Mombasa. Sasa hesabu mwenyewe, kutoka 1902 mpaka 1921 ni miaka 19, mtu wa Butere analipa kodi ya nyumba kwa serikali ya upande huu na anabatizwa na kanisa la upande ule, na yeye amekaa kwa boma yake tu.

Na si Waanglikana peke yao. Wakatoliki wa huku walianza hivo hivo, mapadri wa Mill Hill walianzia Nsambya pale Kampala 1895, chini ya vikarieti (eneo la kimisionari ambalo bado si jimbo) ya Nile ya Juu, wakafika Kisumu 1903 na Mumias 1904, na Kavirondo haikupewa mamlaka yake mpaka 1925. Kisumu ikaja kuwa jimbo kamili 1953. Kwa hivyo kama bibi yako alibatizwa Mumias zamani hizo na umeona neno Uganda mahali, tulia.

Sasa twende kwa rejista.

Ile parishi ya zamani siitaji kwa jina, kwa sababu walinipokea vizuri na shida niliyoiona huko najua iko mahali pengi. Mzee wa kanisa alinipeleka stoo, nyuma ya chumba ambacho padri anavalia kanzu. Ndani kuna hema za matanga, viti vya plastiki vimevunjika miguu, ngoma ya kwaya, mifuko miwili ya simiti imeshaganda. Kwenye kona, kwa sakafu, kartoni ya mafuta ya kupika. Rejista ziko hapo. Mchwa walikuwa wamepanda na ukuta wakatengeneza ile njia yao ya udongo mpaka ndani ya kartoni, na kioo cha dirisha la upande huo hakipo, wameweka gunia. Vitabu vitatu vya chini vilikuwa vimeshikana kama mkate uliolowa maji. Nikataka kuvuta kimoja, yule mzee akanishika mkono. "Pole pole Mwalimu, hiyo ukiivuta itabaki mkononi."

Tulivitoa nje kwa benchi, kwenye mwanga, tukafungua kile ambacho kilikuwa kizima kidogo. Nataka niseme vile kinakaa maana watu wengi wanafikiri ni orodha tu ya majina. Ukurasa umechorwa mistari na mkono, kwa rula. Nambari. Siku na mwezi. Jina jipya, Yohana, Petero, Mariamu, halafu safu inayofuata ni jina la zamani, lile la nyumbani, na hapo ndio unaona mtu mwenyewe sasa, anaitwa vile mama yake alimwita. Baba. Kijiji. Wasimamizi. Aliyebatiza. Kuna safu ya mama pia lakini kurasa za kwanza iko tupu, tupu, tupu, ukurasa mzima hakuna mama hata mmoja, mpaka mahali fulani mwandiko unabadilika, anakuja mwandishi mwingine mwenye herufi ndogo zimelala upande, na huyo anaandika kina mama wote. Sijui alikuwa nani. Nilikaa nikimwangalia huyo mtu kwa mwandiko wake na nikamshukuru.

Wino umekuwa rangi ya chai. Nilipita na kidole juu ya karatasi bila kugusa, mstari kwa mstari, na kuka akatokea. Jina lake jipya, jina lake la nyumbani, jina la baba yake ambalo mimi nilikuwa nalijua kwa kutajwa tu kwenye mazishi, na kijiji. Kijiji ni kile kile, hata leo stegi ya boda iko na jina hilo. Siku hiyo walibatizwa pamoja na wengine na nusu yao ninajua wajukuu wao, tunasalimiana sokoni.

Nilifungua kurasa za nyuma kidogo, za wakati wa ile vita ya kwanza. Pembeni ya majina kadhaa ya wanaume kuna msalaba mdogo na neno moja, Kariakor. Wasomaji wa Nairobi wanalijua kama soko lakini hilo neno lilitoka kwa wale wapagazi wa vita, watu walichukuliwa kubeba mizigo ya jeshi mpaka Tanganyika wakipigana na Wajerumani, na huku magharibi na Nyanza walichukuliwa wengi sana, wengi wakafa kwa kuhara na malaria kuliko kwa risasi. Ndugu mkubwa wa kuka tulikuwa tunajua tu alienda na hakurudi. Hakuna kaburi, hakuna barua, nyumbani walimaliza mambo yake bila mwili. Yuko hapo, jina, kijiji, msalaba. Ni karatasi ya pekee duniani ambayo mimi nimewahi kuona inasema huyo mtu aliishi, na ilikuwa kwa kartoni ya mafuta, chini, karibu na mchwa.

Halafu nikafungua mbele, kutafuta 1921. Na hapo ndio niliona kile kitu yule kijana wa ofisi alihitaji kuona. Kitabu ni kimoja. Ukurasa unaisha na kichwa cha Uganda, unafungua unaofuata kichwa kimeandikwa Mombasa, na mwandiko ni ule ule, kalamu ile ile, vijiji vile vile, hata msimamizi ni yule yule katekista ambaye alikuwa anasimamia karibu kila mtu. Hakuna aliyesafiri popote. Nilipiga picha kurasa hizo mbili, padri wa parishi akaniandikia barua ya kueleza akapiga muhuri, nikazirudisha kule ofisini. Kijana alizisoma kwa muda mrefu. Alifungua faili tena, na kesi inaendelea. Simlaumu, nani angemweleza?

Mhariri, sasa nakuja kwa lile linalonifanya niandike. Hiyo parishi haijawahi kusonga hata hatua moja, lakini imekuwa ndani ya dayosisi tano. Uganda, halafu Mombasa kutoka 1921, halafu Maseno ilipoundwa 1961 chini ya Askofu Festo Olang', halafu Maseno Kaskazini walipogawanya 1970, halafu Butere. Huyo Olang' mwenyewe aliwekwa wakfu 1955 pale Namirembe, Kampala, pamoja na Obadiah Kariuki, kwa hivyo hata hapo ukitaka karatasi za siku hiyo unaangalia tena upande wa Uganda. Na wenzetu wa Maseno Kusini wamegawanyika vivyo hivyo, Nakuru iliyotolewa kwa Mombasa 1961 imezaa Eldoret 1983, na huku kwetu kuna Nambale, kuna Mumias, kuna Maseno Magharibi, kuna Bondo. Sipingi kugawanya, askofu akiwa karibu na watu ni kitu kizuri. Lakini kila mara mstari unapochorwa mimi nauliza vitabu vilienda na nani. Magari yanahesabiwa, ploti zinahesabiwa, shule na zahanati zinahesabiwa. Barua za askofu wa zamani, minitsi za kamati, hesabu za sadaka, faili za walimu, ni nani aliketi akasema hii inabaki, hii inaenda, na hii tuitolee fotokopi kila upande ubaki na yake?

Ndio maana historia ya mtu mmoja wa Butere leo imetawanyika. Barua ambazo wamisionari walikuwa wanatuma kwao ziko Uingereza, kwa Chuo Kikuu cha Birmingham, na nasikia zimetunzwa vizuri sana, kwa chumba chenye joto la kupimwa. Za askofu wa Uganda ziko Uganda. Za serikali, yaani madisii, wakuu wa wilaya, walivyokuwa wanaandikiana kuhusu makanisa na shule, ziko Makavazi ya Kitaifa pale Nairobi, lile jengo ambalo kila mtu hukutania mbele yake na wachache wameingia. Na zile zetu wenyewe, zilizoandikwa na katekista wetu kwa mkono wake, kuhusu watu wetu kwa majina yao, ndio ziko stoo na simiti. Barua ya mmisionari itakuambia amefika kijiji fulani na watu wengi wakasikiliza. Rejista inakuambia ni nani.

Kuna watu wataniambia historia ya dayosisi ilishaandikwa, tulipewa kijitabu siku ya jubilii pamoja na fulana. Nimesoma vijitabu kadhaa vya namna hiyo, naviweka na kuviheshimu, lakini viko sawa vyote, mmisionari wa kwanza, askofu wa kwanza, askofu wa pili, jengo jipya, picha. Huwezi kuona ndani yake kwamba hili kanisa la huku lilikuwa mahali ambapo watu walibishana juu ya mambo makubwa ya maisha yao. Mwaka 1921 Desemba, wale walimu waliosoma Maseno, kina Jonathan Okwiri, waliitisha mkutano Lundha kule Gem kulalamikia kodi na kipande na kazi ya lazima, hawa ni vijana wa kanisa. Ashidikoni Owen, mmisionari wa CMS, akaingia, 1923 likawa shirika la ustawi wa walipa kodi, na huyo Owen alikuwa anaandika barua kwa magazeti ya Uingereza kuhusu kina mama na watoto kufanyishwa kazi za barabara, mpaka masetla wakamchukia. Wengine wanasema alituliza moto wa siasa, wengine wanasema alitupa sauti, mimi naona yote mawili ni kweli, lakini hiyo ni mambo ya kusomwa kwa makaratasi yenyewe. Januari 1934 Alfayo Odongo Mango, shemasi wa kanisa hili hili, aliuawa Musanda kwa moto, si mbali na kwetu, na ndani ya hayo mambo kulikuwa na Roho, yaani uamsho wa Roho Mtakatifu, na kulikuwa na ardhi, Wajaluo na Wawanga, na mpaka leo wazee wakilitaja wanashusha sauti. Halafu 1957 ikaja Johera, watu wa upendo, Matthew Ajuoga na wenzake wakatoka na parishi nzima nzima wakaunda Kanisa la Kristo Afrika. Kwa rejista za huko Nyanza hiyo haiandikwi kama habari. Familia zinaacha tu kuleta watoto.

Kama hujui hayo utafikiri kijiji kiliacha kuzaa.

Kwa hivyo naomba nini. Naomba maaskofu wetu, wa makanisa yote ya huku, watoe chumba kimoja. Si jengo, chumba. Chenye paa lisilovuja, dirisha la kufungwa, rafu za chuma zimetolewa kidogo kwa ukuta na zimeinuka kutoka chini, na ufunguo uwe na mtu anayejulikana jina. Halafu kila parishi ilete rejista zilizojaa, zile ambazo haziandikwi tena, na ipewe barua ya kuonyesha imeleta nini, kwa sababu najua parishi zingine zinaogopa zikitoa hazitaona tena na hiyo hofu ina msingi. Wakatoliki kidogo wametuzidi hapa, sheria ya kanisa lao inalazimisha kila parokia iwe na rejista zake na mahali pa kuzitunza, na ukioa wanaandika pembeni ya jina lako la ubatizo, ndio maana paroko ukienda kuoa anakutuma kwanza mahali ulipobatizwa. Kwa hivyo mtu anafuatika. Sisi tunaweza kujifunza hapo bila aibu.

Na wakati chumba kinatafutwa kuna mambo hayahitaji pesa. Toa kartoni kwa sakafu leo, weka juu ya viti. Usiweke selotepu kwa karatasi iliyokatika, gundi yake inakula karatasi na kuacha doa la kahawia ambalo halitoki. Tafadhali sana msipeleke kadi za zamani kufanyiwa laminesheni, najua tunafikiri tunaziokoa, mimi nilikuwa karibu kufanya hivyo na ya kuka, lakini ule moto na plastiki haviwezi kutolewa tena na karatasi inaendelea kuoza ndani. Vitabu vilivyolowa na kushikana usivitenganishe kwa kisu, viache vikauke polepole kivulini. Ukitaka kunakili, tumia penseli si kalamu ya wino. Na simu ambayo kila kijana anayo inatosha kupiga picha kila ukurasa, karibu na dirisha, bila flashi, ukurasa kwa ukurasa mpaka kitabu kiishe, na jina la faili liwe ni parishi na mwaka, maana picha 400 zenye majina ya nambari tu zinapotea kama karatasi.

Kuna jambo moja naliogopa na sitaki kulificha. Hivi vitabu vina siri. Nimeona orodha ya waliotengwa na Meza ya Bwana na sababu imeandikwa wazi, mke wa pili, pombe, uchawi, mtoto wa nje. Watoto hao wengine wako hai na wanakaa viti vya mbele kanisani. Kwa hivyo siungi mkono mtu kupiga picha na kurusha kwa magrupu ya WhatsApp, hata kama ni babu yake. Za zamani sana zifunguliwe, za karibu zifungwe kwa miaka ambayo kanisa litaamua, na mtu akija kutafuta wake asomewe mstari wake tu. Nchi hii iko na sheria ya kulinda taarifa za watu tangu 2019, kanisa nalo haliko nje yake.

Nawaomba pia wale wako na vitabu nyumbani. Mnajijua. Baba alikuwa katekista, akafa na rejista ya kanisa la udongo ambalo siku hizi ni parishi, na iko kwa sanduku chini ya kitanda pamoja na vyeti vyake. Hamkuiba, mliachiwa. Lakini ndani yake kuna watu wa kijiji kizima na kuna mtu kama mimi amekaa mbele ya meza ya ofisi anaambiwa babu yake ni wa nchi nyingine. Ipeleke kwa padri wako, na kama humwamini, mwite aje nyumbani apige picha ukiwa hapo.

Sisi upande wetu tumeanza. Nimenunua sanduku la bati, yule mzee wa kanisa amepaka chokaa ukuta wa stoo na kumwaga dawa ya mchwa, na kioo cha dirisha kimepimwa. Vile vitabu vitatu vilivyoshikana viko kwa meza ya shule ya Jumapili vinakauka, kimoja kimeanza kufunguka kwa pembe na unaweza kusoma nusu ya jina. Jumamosi hii saa tatu asubuhi tunaendelea na cha 1922, vijana wawili wa kwaya wanapiga picha na mimi naita majina wanaandika. Mvua ya Machi haiko mbali na paa la upande ule bado linavuja.

Mwalimu mstaafu,
Kisumu